Waridi la siku ya tisa
Maswali ya wasomaji kwa Shangazi wa Kamera

Februari ni mwezi wa kupewa maua, Machi ni mwezi wa kuyatupa. Ndiyo maana barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: maua yamezeeka mezani, mwenye nayo hana moyo wa kuyatupa, anataka kuyapiga picha na picha zinamshinda. Mimi mwenyewe ninapoandika haya hapa Arusha nina mawaridi kumi na moja ya siku ya tisa mbele yangu. Yalikuwa kumi na mawili, moja nimelikatakata nione ndani likoje. Huwa nanunua kwa kijana anayeuza yale ya bua fupi kando ya barabara ya Usa River, yaliyokosa sifa za kupanda ndege kwenda kuuzwa Ulaya. Ni rahisi, na mimi sihitaji bua.

*Shikamoo shangazi. Tarehe 14 Februari mchumba wangu aliniletea mawaridi mekundu saba. Leo ni siku ya nane, vichwa vimeinama na kingo zinaanza kuwa nyeusi. Mimi nayaona bado mazuri, lakini nikiyapiga kwa simu yanatoka kama takataka: wekundu mtupu, hata mstari wa petali hauonekani. Taa ya sebuleni nimewasha, flashi nimewasha. Nakosea wapi?* – Binti wa Kirumba, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Umejijibu mwenyewe pale uliposema "nimewasha". Zima taa ya sebule, zima na flashi, tuanze upya na dirisha.

Flashi ya simu imekaa ubavuni mwa lenzi. Ikipiga, mwanga unakwenda kulekule lenzi inakotazama, na kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu chake. Ua bichi linaweza kuvumilia hilo kwa sababu rangi na umbo lake vinajitosheleza. Ua la siku ya nane rangi imeshaanza kuliaga. Limebaki na mikunjo, mishipa, na kingo zilizojiviringa kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na vyote hivyo jicho huvitambua kwa kivuli. Ukifuta kivuli umefuta ua lenyewe.

Tafuta dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Kwenu Mwanza, katikati ya Februari jua la mchana linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini lina mwanga mtulivu. Ikifika Juni mambo yanageuka, hama na meza yako. (Mafundi wa Ulaya husifia dirisha la kaskazini mwaka mzima. Nilipoanza kazi nililiamini hilo kama maandiko, nikawa nashangaa kwa nini kila Julai studio yangu inawaka jua.) Kama dirisha ni moja tu na jua linaingia, tundika shuka jeupe lililofuliwa hadi likawa jepesi.

Meza ndogo ikae karibu na dirisha, na dirisha liwe ubavuni mwako, mkono wa kushoto au wa kulia. Nyuma ya ua, kama mita moja na nusu, tundika baibui. Sitanii. Baibui la kitambaa kisichong'aa ndilo pazia nililolitumia kuliko yote niliyowahi kununua, na limewahi kwenda msibani asubuhi likarudi kazini mchana. Lisikaribie ua, maana likifikiwa na mwanga utaanza kuhesabu nyuzi na vumbi lake. Likiwa mbali linageuka giza tupu.

Sasa simu. Bonyeza kwa kidole juu ya petali unayoitaka na usinyanyue kidole mpaka fokasi ijifunge. Kitatokea kialama cha jua. Kishushe polepole, uone picha inavyotiwa giza, endelea mpaka ujisemee "sasa nimezidisha", na uishie hapohapo. Wekundu wako unaotoka mtupu chanzo chake ni hiki: ndani ya simu kuna vitone vinavyopokea mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Waridi jekundu linavijaza vile vyekundu peke yake mpaka vinafurika, huku simu ikitazama wastani wa picha nzima, ikiona giza la pazia, ikizidi kuongeza mwanga. Kilichofurika hakirudi, hata ukihangaika nacho baadaye kwenye programu ya kurekebisha picha. Picha yenye giza kidogo unaweza kuiokoa.

Ukishapata hiyo ya ubavuni, jaribu jambo la pili. Sogeza meza mpaka dirisha liwe nyuma ya ua, kwa pembeni kidogo, ili lenyewe lisiingie kwenye picha. Tazama ukingo wa petali unavyowaka. Hapo ndipo ule weusi wa kingo unaouogopa unapopata kazi, kwa sababu unachora mpaka kati ya mwanga na giza kama wanja.

Halafu vichwa vilivyoinama. Usivinyooshe kwa waya wala kwa kijiti cha meno, nimeshaona watu wakifanya hivyo. Shingo ya waridi hupinda kwa sababu maji hayapandi tena. Mishipa ya bua imezibwa na hewa au na bakteria waliozaliana kwenye chombo. Ungetaka wenzake wasiiname mapema, ungekata sentimita mbili tatu za bua ndani ya maji, kwa mshazari, na kubadili maji kila siku mbili. Hili lililokwisha inama liache. Shusha simu mpaka usawa wa kichwa chake, hata ikibidi upige magoti. Ukilipiga kutoka juu linaonekana limeanguka. Ukilitazama usawa wake linaonekana linasikiliza kitu.

Na katika yote saba, chagua moja. Saba ni zawadi, picha inataka moja.

Nikueleze nilivyojifunza haya, maana hakunifundisha mtu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa na studio ya maharusi, taa tatu zenye miavuli, na niliamini kwamba mwanga ukiwa mwingi ndiyo kazi nzuri. Mwaka 1997 bibi harusi mmoja alisahau shada lake studio siku ya Jumamosi. Jumatatu ya wiki iliyofuata, si ile ya kesho kutwa yake, nikalikuta nyuma ya kabati, mlango ukiwa haujafunguka vizuri na mstari mmoja wa mwanga umelikata katikati. Kwenye filamu zilikuwa zimebaki picha nne. Nikaweka kamera juu ya stuli, nikaacha shata wazi sekunde mbili kila moja. Tatu ziliharibika kwa sababu stuli ilikuwa na mguu mfupi. Ile ya nne iko ukutani kwangu hadi leo, na zile za harusi yenyewe sizikumbuki hata moja.

*Shangazi, kwa nini waridi jekundu likizeeka linakuwa jeusi? Mwalimu amesema ni kuoza, mimi naona halinuki.* – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Songea

Umetazama vizuri. Nenda jikoni kwa mama, omba juisi ya rozela kidogo kwenye kikombe na uitie magadi chembe. Utaona wekundu unakimbilia zambarau na buluu. Rangi ya waridi na ya rozela ni za ukoo mmoja, zinaitwa antosianini, na hubadilika kufuatana na uchachu. Petali inapozeeka uchachu wa majimaji yake hupungua, rangi inaelekea kwenye buluu. Kisha maji yanakauka, rangi ileile inabanana kwenye nafasi ndogo, ndiyo unaona nyeusi. Kuoza kunakuja baadaye, hasa ndani ya chombo. Ukitaka kulipiga picha, lipige wakati limefika zambarau. Kwangu huwa ni siku ya tisa au ya kumi, kwa baridi ya Arusha. Songea nako kuna baridi, nadhani hutapishana nami sana.

*Salaam aleikum. Nimeolewa mwezi uliopita hapa Mombasa. Usiku wa kesha nyanya yangu alinitungia kikuba kwa mkono wake: asumini, waridi, rehani na mkadi. Macho yake sasa hayaoni vizuri na sidhani atatunga kingine. Nilikihifadhi kwenye sahani. Asumini zote zimekuwa kahawia, waridi limekunjamana, lakini uzi na mafundo yake yako vilevile. Nataka picha ya kutundika. Nikipiga inaonekana kama majani ya chai.* – Mke mpya, Kibokoni

Waaleikum salaam, na hongera mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Asumini ina tabia mbaya: ni ua la usiku mmoja. Jioni ni nyeupe, asubuhi ina alama za kahawia kila ilipoguswa na kidole, na baada ya hapo haina tena cha kuonyesha kwa mwanga wa nyuma. Petali ya waridi au ya yungiyungi ikizeeka bado hupitisha mwanga kidogo. Asumini iliyokauka haipitishi. Kwa hiyo lile somo la binti wa Mwanza la kuweka dirisha nyuma, kwako wewe halifai.

Lakini umeniandikia mwenyewe kitu cha kupiga: mafundo. Picha yako ni ya mkono wa nyanya, maua ni mashahidi tu. Basi tafuta mwanga unaotambaa. Laza kikuba juu ya kitambaa, chumba kiwe giza, kisha washa tochi na uilaze karibu na usawa wa meza, kama jua la saa kumi na mbili linavyopita juu ya mchanga. Kila uzi utatupa kivuli kirefu, kila fundo litainuka. Zungusha tochi taratibu kuzunguka sahani, huku ukitazama bila kupiga. Kuna mahali pamoja kikuba kitakapokoma kuwa majani ya chai. Utapajua. Hapo ndipo upige, simu ikiwa juu kabisa, imelala sambamba na meza.

Kitambaa usichukue cheusi. Kahawia juu ya nyeusi inazama. Chukua leso ya nyanya mwenyewe kama ipo, iliyofifia, ila geuza upande usio na maandishi. Maandishi yataiba macho.

Na kuna njia ya pili ambayo watu wengi hawaijui, na kwa kazi yako naipenda zaidi. Nenda stesheneri yoyote yenye skana ya kulaza karatasi. Omba ile ya zamani, nene na nzito, maana zile nyembamba huona vizuri kile tu kilichogusa kioo, na kilicho juu yake hata kwa sentimita moja kinakuwa ukungu. Tandika kwanza plastiki angavu juu ya kioo, kwa heshima ya mwenye duka. Weka kikuba kifudifudi, usifunge kifuniko, mwombe azime taa ya dukani kwa dakika moja. Skana ina taa yake yenyewe inayotembea na huangaza kile kilicho karibu tu. Juu ya hapo ni giza, na huhitaji baibui wala pazia. Agiza alama 600 kwa inchi au 1200 kama ana subira. Utahesabu nywele za majani ya rehani. Niliwahi kufanya hivi Arusha na shada zima la mazishi, na yule kijana wa stesheneri akakataa hela, akasema anataka nakala.

Kabla ya yote hayo mpige nyanya akiwa amekishika. Dirishani, bila flashi.

*Shikamoo. Mume wangu anasema kuweka maua yaliyokufa ndani ya nyumba ni uchuro, na kuyapiga picha ni uchuro mara mbili. Nimjibu nini?* – Mama wa wawili, Dodoma

Marahaba. Hiyo hoja ina umri wa miaka mia tatu na zaidi, mwambie hakuianzisha yeye. Uholanzi kulikuwa na mchoraji mwanamke, Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664 akafariki 1750. Alizaa watoto kumi na bado akachora maua mpaka uzeeni kabisa, na katika mashada yake utakuta jani lililotobolewa na mdudu, ua lililochoka likining'inia, petali ikikaribia kudondoka. Waheshimiwa walilipa fedha nyingi kutundika hayo sebuleni. Baba yake alikuwa tabibu maarufu kwa kuhifadhi maiti na mimea visioze, kwa hiyo nyumbani kwao neno uchuro sijui kama lilipata nafasi.

Hata hivyo usigombane. Mpe chombo kimoja cha maua mabichi kwenye meza ya sebule, haya mengine yahamie dirisha la jikoni au stoo. Mwanga wa stoo mara nyingi ni bora zaidi.

*Shangazi habari. Nina kamera ya kawaida na taa ya mezani ya LED. Kila nikipiga maua usiku kunatokea mistari myeusi imelala kwenye picha. Nimeambiwa pia kuna kuchora kwa tochi. Nieleze vyote, ila kwa vipimo, mimi ni fundi umeme.* – Kijana wa Tandika, Dar es Salaam

Nzuri, fundi, na nashukuru kwa kupenda vipimo. Mistari unaijua chanzo chake kuliko mimi: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka shata haraka kuliko hapo, kamera inaikuta taa ikiwa imezima nusu. Weka 1/100 ya sekunde, au 1/50, au polepole zaidi. Mistari itaondoka. Isipoondoka, badili taa.

Kuchora kwa tochi ndiko nikupendako. Usiku, chumba kiwe giza kiasi kwamba huoni mkono wako. Kamera kwenye stendi. Huna stendi, iketishe juu ya mfuko wa kilo mbili za mchele, hautikisiki. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata sekunde 15. Weka fokasi taa ikiwa imewaka, kisha izime fokasi ya yenyewe ili isianze kutapatapa gizani. Tumia taimu ya sekunde 2 usije ukaitikisa kwa kidole. Na uzime feni. Najua Dar mwezi huu kuzima feni ni adhabu, lakini petali iliyokauka inatikiswa na upepo mdogo kuliko unavyodhani, na sekunde 15 ni nyingi.

Tochi yoyote ndogo. Ivike boksi la katikati ya karatasi ya chooni, mdomoni funga karatasi ya kuokea keki. Hapo una taa laini yenye shabaha. Shata ikifunguka, washa ukiwa nyuma ya ua, upande mmoja, mdomo wa tochi ukitazama ua na usitazame lenzi, hesabu moja hadi nne huku mkono ukienda kama unapaka mafuta. Zima. Zunguka ubavuni, washa, hesabu tatu. Zima. Shingo ya bua, sekunde moja. Upande wa kamera usiangaze kabisa, hata kama roho inakusukuma. Mkono usisimame, ukisimama unaacha doa.

Umbali nao ni kipimo. Tochi ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye ua, ukiisogeza mpaka 40 mwanga unaofika ni robo, si nusu. Ndiyo maana ukikaa karibu sana petali ya mbele inaungua na ya nyuma haionekani. Mimi huanza na 30. Kila jaribio andika kwenye daftari, sekunde na upande, la sivyo picha nzuri ikija hutajua uliifanyaje. Picha mbili hazitafanana hata ukijitahidi, na kama hilo linakukera, rudi kwenye taa ya mezani.

Umeme ukikatika, usikasirike. Kandili ina rangi ya dhahabu ambayo waridi la zambarau linaipenda. Zuia kamera isijirekebishe rangi yenyewe, iwekee alama ya jua, uone. Ila moto na petali kavu vikae mbali, nimeshaunguza pazia.

Nyongeza moja. Mwaka 1930 huko California, mpiga picha Edward Weston alikuwa akihangaika na pilipili hoho iliyopindapinda. Akaiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukaingia kwa juu na bati likaurudisha kutoka pande zote, shata ikabaki wazi dakika kadhaa. Ile pilipili ikawa kama mwili wa mtu. Wewe faneli za bati zimejaa Kariakoo. Chukua kubwa, laza ubavu, weka ua moja lililonyauka mdomoni mwake.

*Mimi nasoma Utrecht, Uholanzi. Huku kuna tulipu za bei rahisi kuliko mboga. Siku ya tano zinaanza kujinyonga, mabua yamerefuka na kupinda kama nyoka. Je, nimenunua mbovu?* – Mtanzania ughaibuni

Hukuibiwa. Tulipu ina kiburi: ukishaikata inaendelea kurefuka ndani ya chombo, sentimita kadhaa, na inapinda kufuata mwanga wa dirisha. Waridi la kwetu halifanyi hivyo. Basi itumie. Zungusha chombo robo duara kila asubuhi, na bua litaandika herufi hewani. Tena inafunguka chumba kikipata joto na kufumba kikipoa. Ukiitaka wazi kama sahani iweke karibu na kipasha joto kwa muda, ukiitaka imefumba ipeleke kwenye ubaridi. Siku za mwisho petali zinalegea, zinapinduka nje, na katikati kunabaki mhimili wa kijani na chavua nyeusi imemwagika. Hiyo ndiyo siku yake.

Una bahati ya mwanga pia. Jua la huko mwishoni mwa baridi linatambaa chini siku nzima, wakati sisi linatukalia utosini na tunapata mwanga wa kulala kwa muda wa saa moja tu asubuhi na saa moja tu jioni. Utumie kabla ya kiangazi. Na ukienda Amsterdam, ingia jumba la makumbusho la Rijksmuseum umtafute yule Ruysch niliyemtaja kwa mama wa Dodoma. Tazama mwanga umetokea upande gani, na nyuma ya maua ameweka nini. Ukitoka hapo, mawaridi utakayoyaona madukani, mengi yamepanda ndege kutoka Nairobi na kupita mnada wa maua wa Aalsmeer. Pengine ni ndugu za haya yangu ya bua fupi. Nisalimie.

Za haraka

*Matone ya maji kwenye petali yanakauka kabla sijapiga.* (Morogoro) Gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu na maji, kwenye chupa ya kupulizia. Hukaa muda mrefu. Ila sipendi matone kwenye ua zee, yanalipaka machozi ya uongo.

*Nina haraka, nataka yazeeke mapema.* (Iringa) Karnesheni zifungie kwenye boksi usiku mmoja pamoja na ndizi mbivu. Ni gesi ileile inayotusaidia tukivundika ndizi. Mawaridi mengine husikia, mengine hayajali.

*Chavua ya yungiyungi imechafua gauni jeupe wakati wa kupiga.* (Moshi) Usifute kwa maji! Nilifuta, mwaka 1998, gauni halikuwa langu, na nililipia. Bandika selotepu, bandua, bandika mpya, mpaka iishe. Mara nyingine vikate vichwa vya chavua mapema kwa mkasi, au viache kama ndivyo unavyovipiga.

*Maua niyatupe lini?* (Tabora) Yakishakauka yanakaa hata mwaka, maji ndiyo yasikae. Chombo changu kimoja nilikisahau wiki tatu nyuma ya baibui, na jirani akaja kwa adabu sana kuniuliza kama na mimi nimesikia harufu ya panya.